Mwalimu wa Jiografia Aliyekataa Kuagwa

Sijui alizaliwa mwaka gani, na hata ningejua nisingeandika hapa, maana umri wake ulishatumiwa vya kutosha kumpiga nao. Jina lake pia naliacha. Ofisini tulimwita Mwalimu wa Jiografia. Wanafunzi walimwita Bibi Ramani akiwa hayupo, naye alijua na hakuwahi kukasirika. "Heri ramani," alisema, "kuliko wanavyomwita meneja."

Nilimkuta Sumbawanga, nilipotoka Kitale, Kenya, kwenda kufundisha Hisabati katika shule moja ya bweni ya binafsi. Nilikwenda kwa mkataba na kibali cha kazi, nikifikiri nimeacha baridi nyumbani. Kumbe kule Ufipa, kwenye uwanda wa juu, mwezi wa sita upepo unapita katikati ya nguo kana kwamba hukuvaa kitu. Asubuhi yangu ya kwanza niliingia ofisi ya walimu nimejikunyata, nikamwona mama mmoja mrefu, koti zito la kiume limemfika magotini, mifuko imekuwa myeupe kwa chaki. Nikampa mkono nikasema, "Habari yako, mwalimu?"

Walimu wengine wakageuka kututazama. Aliushika mkono wangu asiuachie.

"Huko kwenu, mtu wa umri wa mama yako unampa habari?"

Nikababaika. Huko kwetu, kweli, tunampa habari.

"Huku mkubwa anapewa shikamoo. Sema tu, haiumi."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Sasa sogea huku kwenye jiko, meno yako yanagongana mpaka huku nayasikia."

Ndivyo alivyokuwa. Anakukosoa mbele za watu, halafu anakusogezea kiti. Wengine walishika lile la kukosolewa peke yake wakamchukia. Mimi nilikishika kiti.

Darasani hakuwa na kitabu mkononi. Aliichora Afrika ubaoni kwa mkono mtupu, huku uso wake umewaelekea wanafunzi, chaki ikitembea nyuma ya bega lake, na akimaliza ilikuwa Afrika kweli, na pembe yake na ghuba zake. Kisha alitia nukta moja kusini-magharibi mwa Tanzania. "Hapa ndipo tulipo," aliwaambia. "Mtu asiwadanganye kwamba dunia inaanzia kwingine." Kidato cha Kwanza walicheka. Kidato cha Nne hawakucheka, walikuwa wamekwisha kusafiri wakakuta watu wasiojua Sumbawanga ni wapi, au wanaoijua kwa jambo moja tu.

Jambo hilo lilimkera kuliko yote. Mwalimu wa Kemia, kijana aliyehamia kutoka mikoa ya pwani, alithubutu siku moja kumuuliza kama ni kweli Sumbawanga mtu anaweza kununua radi akamtumia adui yake.

"Unataka ngapi?" alimuuliza bila kuinua macho kwenye madaftari aliyokuwa anasahihisha.

"Natania tu, mama."

"Mimi sitanii. Ukitaka radi, subiri Novemba. Zinashuka bure, na hazichagui. Zimechukua ng'ombe wa mjomba wangu na zimechukua mnara wa simu. Sasa nenda kawafundishe watoto umeme wa betri unatoka wapi, maana mtihani wa mwisho walifeli swali hilo, na wewe ndiye uliyewafundisha."

Kijana yule alikwenda. Baadaye akawa mtu wake wa karibu, akimbebea mkoba mpaka getini.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na sitayaficha, maana nikiyaficha nitakuwa nimemchora vibaya. Alifundisha bahari zote, mikondo ya maji ya moto na ya baridi, wala hajawahi kuona bahari. Ndugu zake walimwalika Dar es Salaam mara kwa mara. "Dar wanajua nilipo," alijibu, "wakinihitaji waje." Mwanafunzi akichelewa darasani alimpokea kwa maneno ya kumtoa machozi, lakini kanisani Jumapili yeye mwenyewe aliingia wakati padri yuko katikati ya mahubiri, akapita mbele kabisa bila haraka. Alichukia uongo kuliko uvivu. Hata hivyo nilimsikia akimwapia matroni kwamba binti fulani alikuwa nyumbani kwake jioni nzima akimsaidia kuchambua maharage, na haikuwa kweli hata nusu. Nilipomuuliza alisema, "Huyo mtoto alikwenda kumwona mama yake hospitali. Matroni angemfukuza. Sasa wewe niambie, nani angefaidika na ukweli?"

Na ule mguu. Mguu wake wa kushoto uliharibika zamani, alipoanguka na baiskeli, na kila siku alitoka nao kwake, upande wa juu wa mji chini ya milima ya Mbizi, akaja kazini kwa miguu. Ukimpa pole, ilikuwa ugomvi. Dereva wa shule alisimamisha gari siku ya mvua ili ampandishe. Mwalimu alimpungia mkono apite, akafika amelowa chapachapa, akaingia darasani hivyohivyo.

Mwaka wangu wa pili pale, mwanzoni mwa muhula, meneja aliitisha kikao. Meneja hakuwa mwalimu. Alikuwa mtu wa mwenye shule, kijana mtanashati mwenye sauti ya upole, na alichotaka kilikuwa kibaya ingawa alikisema vizuri. Shule ilitaka kupanda katika matokeo ya Kidato cha Nne. Kwa hiyo wanafunzi dhaifu wangehamishwa, wakafanyie mtihani katika kituo kingine, kwa jina la kituo kingine, ili wasiushushe wastani wetu. Wazazi wangeambiwa ni utaratibu. Mwalimu wa darasa alitakiwa kutaja majina ya watoto wanaofaa kuondolewa.

Mwalimu wa darasa la Kidato cha Nne alikuwa yeye.

Alisimama taratibu, akaegemea meza, akaanza kutaja. Alitaja jina la kwanza, la pili, la tatu. Meneja alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akaendelea kutaja. Akataja kaka mkuu. Akataja yule binti aliyekuwa wa kwanza kila mtihani. Alipofika katikati tulikuwa tumeelewa sote, na Mwalimu wa Kemia aliinama akijizuia kucheka. Alilitaja darasa zima kwa kichwa, bila kumruka hata mmoja.

"Mama," meneja alisema, "nimeomba walio dhaifu."

"Ndio hao. Na walio hodari ndio haohao. Niliwapokea pamoja Kidato cha Kwanza, sijui kuwagawa. Ukijua wewe, ingia darasani ukawaambie usoni nani si wa hapa."

Meneja hakuingia darasani. Lakini kuanzia siku hiyo tulianza kusikia habari za mguu. Mkuu wa shule, ambaye alikuwa mtu mwema na mwoga, aliuliza kama hatuoni mama anapata shida kupanda ngazi. Mtu mwingine akasema uzee ni neema, apewe nafasi ya kupumzika. Maneno hayo yalikuwa na huruma, na huruma ile ilinuka.

Kisha likaja tangazo la safari. Walimu wote, Jumamosi na Jumapili, maporomoko ya Kalambo kisha Kasanga, ziwani, kwa gharama ya shule. Shule ile haikuwahi kutupa hata soda. Tulifurahi kama watoto. Mimi tangu nifike sikuwa nimeona chochote zaidi ya bweni, soko na kanisa, na niliwaza kwamba hatimaye nitakuwa na kitu cha kuwasimulia watu wa nyumbani. Mwalimu wa Jiografia alifurahi kuliko sote. Alichinja jogoo, akapika viazi, akaja na hotipoti mbili zimefungwa kwenye kanga, akakaa dirishani.

Njia nzima alifundisha. Mvua za mwisho zilikuwa bado, na uwanda wote ulikuwa wa kijani, mahindi yamezidi kimo cha mtu, ulezi umeinamisha vichwa. Tulipopita Msanzi wanawake waliokuwa wanapalilia maharage walimtambua, wakapiga kelele kwa Kifipa, naye akajibu kwa Kifipa, nusu ya mwili wake nje ya dirisha. "Wanasema nini?" nikamuuliza. "Wanauliza kama nimeolewa tena, mbona nasindikizwa na watu wengi hivi."

Tulifika Kalambo kabla ya adhuhuri. Sauti ya maji unaisikia kwanza, halafu ardhi inakatika mbele yako, na mto mzima unajitupa chini kwenye bonde huku korongo wakizunguka kwenye mwamba. Upande wa pili ni Zambia. Tulikaa juu, tukafungua hotipoti, tukala. Tulipokuwa tunanawa mikono, meneja alisimama. Nyuma yake dereva alikuwa ameshika saa kubwa ya ukutani na kitenge kilichofungwa kwa karatasi inayong'aa.

"Ndugu walimu," alisema, "leo si safari tu. Tumekuja kumuaga mama yetu, ambaye ameitumikia shule kwa moyo. Sasa tumeona tumpumzishe."

Watu wachache walipiga makofi, kwa mazoea tu, kisha mikono ikafa hewani. Sikuwa nimeambiwa, wala Mwalimu wa Kemia hakuwa ameambiwa. Mkuu wa shule alikuwa anatazama viatu vyake.

Mwalimu wa Jiografia alimaliza kunawa. Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Anayeagwa ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Nimekuambia naondoka?"

"Mama, tunaangalia afya yako. Huo mguu. Umri pia. Watu wanaokupenda wameona…"

"Nimekuomba mapumziko? Nimelala darasani? Nimeshindwa kufika siku gani?" Hakupaza sauti. Maji yale yalikuwa yananguruma, na bado tulimsikia kila neno. "Sema umeshindwa kunitoa kwa ajili ya watoto wangu, ukaona unitoe kwa ajili ya mguu wangu. Sema hivyo, nitakuheshimu."

Meneja alitabasamu kama mtu anayemvumilia mgonjwa. Alisema mama asikasirike, leo ni siku ya furaha, na apokee zawadi ili tupige picha.

Kuna ngazi pale, zinashuka ukingoni mpaka karibu na chini, ndefu, na siku ile zilikuwa na unyevu. Wengi wetu tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba tutazitazama tu. Aliifunga kanga yake kiunoni juu ya lile koti, akavua viatu, akaviweka vizuri kando.

"Mguu wangu unakwenda huko," alisema. "Anayetaka kuniaga akaniagie chini."

Akaanza kushuka.

Kisha nikajikuta nimesimama. Nilikuwa mgeni, kibali changu cha kazi kilikuwa mkononi mwa shule ile, na meneja alinitazama ili nilikumbuke hilo. Nililikumbuka. Nikamfuata. Nyuma yangu nikasikia viatu vya Mwalimu wa Kemia, kisha vya wengine, wakija mmoja mmoja, wakiulizana kwa sauti za chini nini kitatokea. Mkuu wa shule alibaki. Meneja alibaki, na dereva amesimama kando yake na saa kifuani.

Tulishuka polepole kwa mwendo wake. Alitanguliza mguu mzima, akauvuta mbovu, akapumua, akaendelea. Mtu alipojaribu kumshika kiwiko alimtazama mpaka akakiachia. Chini, manyunyu yalitulowesha wote, na ilibidi tusogeane ili tusikilizane. Alikaa juu ya jiwe, akanivuta karibu.

"Mguu unauma kama nini sijui," alininong'oneza. "Usiwaambie."

Halafu akawageukia wenzetu. "Jumatatu nitakuwa darasani. Sitaki mnipiganie. Nataka kujua jambo moja tu. Mtanisalimia, au mtapita kama hamnijui?"

Mwalimu wa Kemia alisema atamsalimia na atambebea mkoba kama kawaida. Wawili watatu wakasema hivyohivyo. Mwalimu mmoja wa Kiingereza, mama wa watoto wadogo, alianza kulia. "Mimi nina watoto, mama," alisema. "Nikifukuzwa sina pa kwenda."

"Najua, mwanangu. Wewe pita. Ukinisalimia kwa macho inatosha."

Kupanda ndiko kulikokuwa vita. Alisimama mara nyingi, na kila aliposimama alijifanya anatuonyesha kitu, jinsi maji yanavyokata mwamba, jinsi korongo wanavyochagua pa kujenga, na sisi tukajifanya tunatazama. Mimi aliniamuru nikae nyuma yake. "Nikianguka," alisema, "nikuangukie wewe, mwili wako una nyama." Tulicheka mpaka tukakosa pumzi. Alipofika juu uso wake ulikuwa umebadilika rangi na midomo imekauka. Alivaa viatu vyake kwanza. Kisha akamwendea dereva, akachukua kitenge.

"Hiki nimepokea, ni zawadi ya safari. Saa ipelekeni ofisini, ile ya pale ilisimama tangu mwaka jana."

Tulilala Kasanga. Asubuhi tukala migebuka ya kukaanga ufukweni, na yeye aligombana na mama mwenye kibanda kuhusu chumvi mpaka wakawa marafiki, wakaahidiana kutembeleana. Meneja alikuwa amekaa peke yake na chai yake. Mwalimu wa Jiografia alimpelekea sahani ya samaki kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, mwanangu," alisema. "Hasira bila chakula inaharibu tumbo." Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa wema au pigo la mwisho. Nadhani vyote viwili.

Jumatatu alikuja na kitenge kile kimeshonwa. Sijui alimpata wapi fundi wa Jumapili jioni. Akafundisha Jumatatu, Jumanne, wiki nzima. Na jioni alizunguka kwa wazazi wa wale watoto, mji mzima na vijiji vya karibu, akawaeleza mpango wa kuwahamisha. Siku moja wazazi walijaa mbele ya ofisi, wakulima na wachuuzi, wengine wakiwa na majembe begani maana walitoka shambani moja kwa moja. Walisimama tu, hawakutukana mtu. Mpango ulikufa siku ile. Darasa zima lilisajiliwa kwa jina la shule.

Yeye walimtoa katikati ya mwaka. Walisema mkataba haukuhuishwa, basi. Akaomba ukumbi wa parokia awe anafundishia humo, na wanafunzi wake wakawa wanaruhusiwa kwenda kwake alasiri, maana mkuu wa shule, yule mwoga, alifumba macho getini. Huo ndio ujasiri aliokuwa nao, na aliutumia wote. Mimi mkataba wangu ulikwisha Desemba na sikupewa mwingine. Nilijua tangu pale kwenye ngazi, na sikujuta hata siku moja.

Matokeo yalipotoka, wengine katika wale aliowakatalia kuondolewa walifaulu. Wengine walifeli, na sitasema vinginevyo ili simulizi ipendeze. Nilimpigia simu nikamuuliza anajisikiaje juu ya hao. "Wamefeli wakiwa kwao," alijibu. "Mtoto akifeli kwao anaweza kurudia. Akitupwa, anajifunza kwamba yeye ni wa kutupwa. Hilo halina mtihani wa marudio."

Sasa ninafundisha Mbeya. Likizo iliyopita nilipanda tena Sumbawanga kumwona, nikakuta nyumba yake ina wapangaji. "Ameshuka bondeni," jirani aliniambia, kwa sauti ya mtu asiyeamini. "Mtowisa. Huko joto litamuua."

Nikapata gari la asubuhi, likashuka ukingo wa uwanda kwa kona na mashimo mpaka hewa ikawa nzito na vumbi likawa jekundu, mashamba ya mpunga huku na huku, ng'ombe barabarani. Dereva alinionya kwamba anarudi juu mchana uleule, na nikimkosa nitalala huko. Kila niliyemuuliza habari zake alinielekeza shule ya kata. Haikuwa na uzio. Niliikuta sauti yake kabla ya kumwona yeye. Alikuwa anamfukuza ndama wa mtu mbele ya darasa kwa fimbo ambayo sasa ilikuwa ya kutembelea. Koti hakuwa nalo. Alikuwa amekonda, jasho linamtiririka, na mguu umevimba kwenye kifundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa." Kisha ndipo akanikumbatia.

Aliniambia alisikia kwamba shule ile haina mwalimu wa Jiografia tangu mwaka juzi, akaja kujitolea kwa muda, na muda umekuwa mrefu. Wazazi wanampa mchele. Nilimtazama ule mguu, nikasahau kila nilichojua juu yake, nikaanza kumwambia kwamba joto hili si lake, kwamba arudi juu, atibiwe, wapo vijana wanaoweza…

"Wako wapi?" aliniuliza. "Hao vijana. Nionyeshe mmoja."

Nikatazama huku na huku, nikamwona ndama tu.

"Kidato cha Pili hawajawahi kuwa na mwalimu wa Hisabati. Tangu waanze. Sasa wamekaa humo wanatazamana." Alinyoosha fimbo kuelekea chumba cha pili. "Wewe umetoka Mbeya mpaka hapa kuja kunitazama mguu?"

Akatoa chaki mfukoni, akaivunja, akanipa kipande kirefu.

Niliingia na nguo zangu za safari, vumbi mpaka kwenye kope. Wakasimama wote, wengi kuliko madawati, wakanisalimia kwa sauti moja. Niliwauliza wameishia wapi. Hakuna aliyejibu, kwa hiyo nilianza mwanzo. Ukuta wa kati haukufika kwenye bati, na kila alichosema Mwalimu wa Jiografia upande wake kilinifikia. Nilimsikia akimuuliza mtoto swali, na mtoto akajibu kwa kunong'ona.

"Simama wima," alimwambia. "Sema kwa sauti. Unamwogopa nani? Hapa ni kwenu."

Mtoto akarudia jibu, safari hii kwa sauti iliyofika mpaka kwetu, na nusu ya darasa langu wakageuka kutazama ukuta. Nje gari lilipiga honi, likapiga tena. Nikawaambia wanafunzi watazame ubaoni, tukaendelea.